Faili Halionekani

Recho alipokuja kwangu Marui kunitaka niigize kwenye filamu yake, nilimkatalia mara mbili kabla hajamaliza chai. Kwanza, sijawahi kuigiza. Pili, nilikuwa na korosho za kuokota, na korosho haimsubiri mtu atoke kwenye filamu. Lakini yule binti ana subira ya mwalimu wa chekechea. Alikunja miguu mkekani akanisimulia hadithi yote: mji wa kubuni aliouita Manispaa ya Shwari, meya anayejenga masoko kwa mdomo na kugawa viwanja vya watu kwa mkono, madiwani wanaopiga makofi kabla hawajaelewa kilichosemwa, na mama mmoja wa kijijini anayefuatilia faili la kiwanja cha marehemu mumewe, mwaka hadi mwaka, dirishani. Huyo mama ndiye alitaka niwe mimi.

Nikamuuliza nani kampa habari zangu. Akasema ni mshauri wao, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya masijala, chumba kile cha ofisi kinachotunza mafaili. Mzee alimwambia kuna mama wa Marui aliyewahi kusumbuliwa hivyohivyo, jina analikumbuka na kijiji anakikumbuka. Sikushangaa. Kwa miaka niliyosimama pale, hata paka wa ofisi walinijua.

Akanisomea sehemu yangu. Mama anafika, anasalimia, anauliza. Karani anamjibu, "Mama, faili lako limepotea." Hapo nilicheka mpaka binti yangu Maua akatoka ndani kuangalia kuna nini.

"Mwanangu," nikamwambia Recho, "wewe hujasumbuliwa bado. Hawasemi limepotea. Wanasema halionekani."

Akaniuliza tofauti yake. Nikamweleza kwamba faili likipotea yupo aliyelipoteza, na huyo ana jina na meza yake. Lakini likiwa halionekani, hakuna mwenye kosa, labda ni macho yetu tu. Na sisi tuliozeekea dirishani tunajua jambo moja zaidi: kilichopotea hakipo, ila kisichoonekana kipo. Kipo mahali, na yupo anayepajua. Recho aliyaandika yote kwenye simu yake, akasema anabadilisha neno hilo leo hii. Nadhani ndipo nilipokubali, maana nani asiyependa maneno yake yaandikwe?

Sasa niseme langu. Mume wangu Yahya, baba Abdulaziz, alirithi kiwanja mjini kutoka kwa mama yake. Mji gani sisemi, maana waliokosa wengine wamekwisha kufa, na maiti hajitetei. Mwaka elfu mbili na nne alijaza fomu za kuomba hati, na fomu zikadai picha nne. Akaenda studio amevaa shati la kuazima, akapigwa picha nne, na zote nne zikaenda ofisini. Hatukuwa watu wa picha sisi. Harusi yetu ilipigiwa ngoma, haikupigiwa picha. Hizo nne zilikuwa za kwanza kwake na za mwisho. Mwaka uliofuata alianguka mnazini akiangua nazi, hakumaliza siku mbili. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo eda yangu ilikwisha siku niliyojifungua Maua.

Maua alipofika miaka minne akaanza kuuliza baba yake alikuwaje. Kila mtu alimpa kipande chake. Shangazi yake akasema pua ni ya kaka yake Abdulaziz. Jirani mmoja akasema marehemu alikuwa maji ya kunde, mwingine akabisha, akasema mweusi tii. Mimi nilimwambia alikuwa mzuri, neno ambalo halimsaidii mtoto kumwona mtu. Na kuna jambo sikumwambia yeye wala mwingine yeyote. Baada ya miaka kumi hivi, uso wa mume wangu ulianza kunitoka. Sauti ilibaki, kicheko kilibaki, na ile namna yake ya kukohoa kabla hajaingia ndani. Uso ukawa kila nikiufuata unakwepa. Niliona aibu isiyo na mfano, kwamba mke gani huyu anayesahau uso wa mumewe.

Kiwanja chenyewe kilikwenda. Pale sasa pana ghorofa ya mtu, na mimi sina ubavu wa kupigana na ghorofa. Kwa hiyo nilipokuwa narudi dirishani sikuwa nafuata ardhi tena. Nilimwambia wazi mtu aliyekaa ndani kwamba kiwanja wachukue, wakae na wajukuu zao, ila mimi anipe picha moja tu, mtoto amwone baba yake. Sauti ikanijibu kwa upole, upole uleule wa siku zote, kuwa faili halionekani, nipite mwezi ujao. Nilipita miaka kumi na moja. Halafu magoti yakakataa, nikaacha.

Siku ya kupiga filamu Recho alituletea gari, likatupitisha Mzenga na Mlandizi hadi Kibaha, mimi na Maua, ambaye sasa ana miaka ishirini na hataki mama yake aende popote peke yake, utadhani yeye ndiye aliyenizaa. Nyuma ya maduka ya Maili Moja walikuwa wamekodi ghala la zamani na kuligeuza Manispaa ya Shwari, lina mabenchi, makabati na saa ya ukutani iliyosimama. Hilo la saa nililisifu. Meya mwenyewe alikuwa kijana mpole anayeitwa Hamidu, akanibebea kapu langu la korosho mpaka ndani, halafu akaenda kuvaa tai na kuanza kuiba.

Nilipoliona dirisha, miguu ilisita. Lilikuwa la mbao nyembamba na kioo cha rangi ya maziwa, na chini ya kioo tundu la kupitishia karatasi. Tundu lilikuwa chini mno, kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame ndipo asikike. Ukisimama wima unaona kivuli. Ukiinama unaona mikono na vifungo vya shati. Miaka kumi na moja nilimsalimia mtu nisiyeujua uso wake, na mgongo wangu ulilitambua lile tundu kabla yangu.

Nikauliza fundi ni nani. Recho akasema ni yule mzee wao, mzee Leodegar, alilichora mwenyewe kwa vipimo, na ndiye atakayekaa ndani kuigiza karani, kwa sababu waigizaji vijana walikuwa wanashika faili kama sinia la pilau. Alikuwa ameshaingia, anangoja. Hakutoka kunisalimia, na mimi nikamhesabia hilo kuwa ni upungufu wa adabu. Watu wa bara wengine ndivyo walivyo, nikajisemea, hawasalimii mpaka wamalize walichokuwa wanafanya.

Kabla ya kuanza, Recho aliniuliza tutumie jina gani la marehemu kwenye igizo. Nikamwambia Yahya. Siwezi kufuatilia faili la mwanamume mwingine, hata kwa uongo.

Telesphory, mpiga picha, akasimamisha kamera yake ubavuni kwangu. Nikainama, nikasalimia, nikauliza habari za faili la Yahya. Ndani kimya. Mikono ilikuwa juu ya meza, imefumbata. Recho akasema turudie. Mara ya pili mzee alikohoa. Mara ya tatu alinong'ona limepotea, na Recho akamkumbusha kwa upole kwamba neno tumelibadilisha, ni halionekani. Mikono ikaanza kupanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa. Nikamhurumia, nikadhani ni woga wa kamera, hata nikamwambia kupitia tunduni asijali, baba, hata mimi ni mara yangu ya kwanza. Maua akacheka nyuma yangu.

Mara ya nne nikainama tena, nikauliza tena.

"Mama, faili halionekani. Pita mwezi ujao."

Hayo maneno ya mwezi ujao hayakuwamo kwenye karatasi ya Recho. Hakuna aliyeyaandika. Mimi sikuwa nimemwambia Recho, wala Maua sikuwahi kumwambia. Yalikuwa ya mtu mmoja tu duniani, na upole wake ulikuwemo ndani yake, mzima, haujachakaa.

Nikapitisha mkono tunduni nikamkamata kifundo. Mimi ni mkulima, nikikukamata umekamatika. Nyuma yangu Recho alimnong'oneza Telesphory aendelee, asizime, maana alidhani nimeingia kwenye uigizaji na kipaji kimefumuka.

"Nipe picha ya mume wangu," nikasema.

Mkono haukujivuta. Ulitulia ndani ya mkono wangu, mkono wa mzee, ngozi nyepesi. Halafu mzee akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa upande ule aliyewahi kulifanya. Aliinama. Uso wake ukaja mpaka kwenye tundu, wenye miwani na machozi, na kwa mara ya kwanza tukatazamana.

"Ipo, mama," akasema. "Faili lipo. Lipo nyumbani kwangu."

Sitaki kusema uongo kwamba nilikuwa mtulivu. Nilimwambia maneno ambayo msikitini siyatumii. Nikamgeukia na Recho, nikamuuliza kama amenitoa shambani kwangu aje anichezee, na binti wa watu akaanza kulia, anaapa kwamba hakujua lolote, mzee alimwambia tu anamfahamu mama mmoja. Maua ndiye aliyenishika mabega akanikalisha kwenye benchi la Manispaa ya Shwari. Hamidu, meya, akaniletea maji.

Mzee Leodegar alitoka nyuma ya dirisha akapiga magoti sakafuni, mtu wa miaka sabini na suruali yake ya kupigwa pasi, akaeleza mbele ya wote. Siku moja mkubwa wake alimwekea faili la Yahya mezani akasema neno moja tu, lishughulikie. Kwenye ofisi ile, faili lililoshughulikiwa halikuonekana tena. Alitakiwa alichome. Alilifungua kwanza, akakuta picha nne za kijana anayetaka kucheka, akashindwa kumchoma mtu usoni. Akalitia kwenye mfuko wake wa chakula, akaenda nalo nyumbani. Nilipoanza kuja na mtoto mgongoni alinijua mara moja. Na siku niliyoomba picha peke yake hakulala.

Nikamuuliza, basi kwa nini hukunipa? Ingekugharimu nini, picha?

"Picha ingeonyesha kwamba faili lipo," akasema. "Wangeniuliza liko wapi. Nilikuwa na watoto watatu shule. Nilikuwa mwoga, mama, sina neno lingine la kusema."

Akasema pia kwamba baada ya kustaafu alipanga safari ya Marui mara mbili, na mara zote mbili alifika Mzenga akageuza. Recho alipomtafuta kwa ushauri wa filamu akaona hii ndiyo njia. Angekaa dirishani, ningesimama mbele yake, na angelisema lile neno mpaka limshinde. Nikamwambia njia gani hiyo ya kuomba radhi, ya kumfanya mwenye jeraha aje asomeshwe jeraha lake kwenye karatasi. Akasema ni kweli. Nilitaka abishe, nipate pa kushika, lakini kila nilichosema alisema ni kweli.

Recho alifuta machozi akamwambia Telesphory afute kila alichorekodi. Mzee akainua mkono. Akasema wasifute, waiweke vilevile kwenye filamu, na mwishoni waandike jina lake kamili. Recho akamkumbusha kwamba watu wataona, na sheria ina macho. Mzee akasema anajua, na kwamba amechoka kutoonekana. Hapo ndipo hasira zangu zilipopungua kidogo. Sikupenda zipungue, ila zilipungua.

Anakaa mtaa wa Picha ya Ndege, mwendo mfupi kutoka Maili Moja. Ndani ya gari sikusema neno ila moja, nilimwambia Maua kwamba baba yako amekaa Picha ya Ndege miaka ishirini na sisi tunapita barabarani hapa kwenda hospitali. Maua alikuwa ameushika ukingo wa kanga yangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo tukienda sokoni.

Mke wa mzee, mama Laurensia, alipotuona mlangoni hakuuliza sisi ni nani. Aliniangalia, akamwangalia mumewe, akasema, "Wamekuja kumchukua mgeni." Akatuketisha, akaenda chumbani. Alirudi na kifurushi cha nailoni, nailoni ndani ya nailoni, kati yake majani ya mwarobaini yaliyokauka. Akanieleza kwamba kila mwaka kabla ya masika huyabadilisha majani, mchwa wasiingie. Mumewe alikuwa hawezi kuligusa faili, kwa hiyo akaligusa yeye. Kila akifungua humsalimia yule kijana, humwambia mvua inakuja, baba, vumilia, watu wako watakufuata. Alinieleza hivyo huku anafungua mafundo, bila kuniangalia, na mimi niliyekuja na ulimi wangu nimeunoa nikakosa pa kukatia.

Faili lilikuwa la kijani. Jina la Yahya juu, mwandiko wa kalamu ya wino. Picha moja ilikuwa imebanwa kwenye fomu na pini imeweka kutu juu ya nywele. Tatu zilikuwa kwenye bahasha ndogo, safi, kama zimetoka studio asubuhi.

Nikaichukua moja. Mungu wangu, alikuwa mdogo. Hicho ndicho kilichonipiga. Miaka yote nilikuwa naitafuta sura ya mzee mwenzangu, mtu wa kukaa naye uani tukilalamika magoti, na kumbe aliyekuwa ananingoja ni kijana wa miaka thelathini na miwili, shati la kuazima limempwaya shingoni, anazuia kicheko kwa sababu mpiga picha amemwambia asicheke. Abdulaziz wangu sasa ana miaka thelathini na minne. Amempita baba yake. Na pua si ya Abdulaziz hata kidogo, watu waongo. Nilijua kila kitu mara moja, kovu la nyusi, sikio moja lililosimama zaidi ya jingine. Sikuwa nimesahau. Alikuwemo ndani yangu muda wote. Nililia, na sikuona aibu kulia mbele ya watu walioniibia.

Mzee Leodegar alikuwa amesimama mlangoni kwake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba maji. Aliniuliza, kwa sauti niliyoijua kuliko ya ndugu zangu, kama kuna siku nitamsamehe. Nikafuta uso na kanga.

"Msamaha wako, mzee, hauonekani," nikamwambia. "Pita mwezi ujao."

Mama Laurensia aliduwaa. Mzee alielewa, maana kama kuna mtu anayejua maana ya neno hilo ni yeye. Akainamisha kichwa, akasema atapita, Marui anapajua. Nikamwambia aje kabla msimu wa korosho haujakwisha, mikono ya kuokota haitoshi.

Kisha nikampa Maua picha.

Aliipokea kwa mikono miwili. Hakulia, kwa kuwa hakuwa na cha kukumbuka cha kumliza, alikuwa anakutana na mtu kwa mara ya kwanza. Akaitazama, akaitazama tena. Akavuta mtandio vizuri kichwani. Halafu, mbele ya wale wazee wawili, akakunja goti kidogo kama tulivyomfundisha tangu anaanza kutembea.

"Shikamoo, baba," akasema.

Shikamoo haiachwi hewani, kila mtu wa nchi hii anajua, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuipokea. Mama Laurensia akajiziba mdomo. Maua alikuwa bado amekunja goti, anaangalia picha, anangoja kama mtoto yeyote anavyongoja. Maua ni jina la bibi yake, mama mzazi wa Yahya. Yahya angekuwa hai asingemwita jina hilo hata siku moja, angemwita mama.

Nikakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa yeye kabla hajaingia ndani.

"Marahaba, mama," nikamwitikia.